Siku Bila Daftari: Namna ya Kufanya Hesabu ya Siku Yako Kila Jioni

Kabla hujaendelea kusoma, jaribu kukumbuka ulifanya nini juzi kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Wengi wetu tutakumbuka kwamba tulikula, tukazungumza na mtu mmoja au wawili, kisha tukalala. Saa zilizobaki zimekwisha kufutika, nasi hatuwezi kusema zilikwenda wapi wala ni nani aliyenufaika nazo. Msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari tumezoea kuwaambia wafanyabiashara, lakini mimi kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiufikiria kuhusu siku zangu, maana siku ndiyo mali ambayo kila mtu hupimiwa kwa kibaba kilekile, isiyokopeka wala kurudishika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliweka daftari hilo, kazi ambayo huchukua dakika kumi hadi kumi na tano kila jioni, na unaeleza pia mahali ambapo kazi yenyewe huharibika, kwa sababu nimewahi kuiharibu zaidi ya mara moja.

Sababu inayonifanya niiamini ni moja. Mtu akiulizwa anathamini nini maishani, hutaja wazazi, watoto, uaminifu, afya, ibada, au kazi iliyofanywa vizuri, na kwa kawaida hasemi uongo. Hata hivyo, hilo ni jibu la mdomo. Mtu huyohuyo ana jibu la pili ambalo hulitoa bila kujua, nalo limo katika saa zake: ni nani aliyezipata akiwa bado na nguvu, ni nani aliyeachiwa masalio, na ni nani ambaye hakupata kitu. Majibu haya mawili yanaweza kupishana kwa miaka mingi bila mwenyewe kutambua, kwa kuwa hayakutani mahali popote. Ukurasa wa jioni ni mahali pa kuyakutanisha, na anayetaka kuuandika hahitaji kuwa mwanafalsafa wala mcha Mungu wa daraja la juu.

Zoea lenyewe ni la kale. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, alieleza kwamba kila usiku, taa ilipokwisha kuondolewa na mkewe aliyeijua desturi hiyo akawa amenyamaza, aliipitia siku yake yote bila kujificha neno lolote. Mjini Baghdad, al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, alipewa jina hilo kwa sababu ya muhasaba, yaani kuihesabia nafsi matendo yake, na neno hilo la Kiarabu lina shina moja na neno letu la hesabu. Katika karne ya 16, Ignatius wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake kuichunguza dhamiri mchana na tena jioni. Benjamin Franklin wa Marekani, katika karne ya 18, alijitengenezea kijitabu cha fadhila 13, akishughulikia moja kila juma na kutia nukta nyeusi kila alipokosea. Baadaye alikiri kwamba hakuufikia ukamilifu alioutaka, na kwamba fadhila ya utaratibu ndiyo iliyomsumbua kuliko zote. Watu hawa walitofautiana katika dini na zama, lakini wote waliona kwamba nia njema pekee haimlindi mtu dhidi ya usahaulifu. Kwa Franklin nimejifunza kushughulika na jambo moja kwa wakati mmoja. Kwa Seneca nimejifunza sauti ya kuzungumza na nafsi, maana alipojikuta na kosa alijiambia asilirudie tena, na kwamba kwa mara hiyo amejisamehe.

Daftari na saa yake

Tumia daftari la karatasi na kalamu. Najua kwamba simu ina mahali pa kuandikia, tena panapotafutika kwa urahisi, lakini nimeona mara nyingi jinsi mtu anavyoichukua simu ili aandike mistari mitatu na kuiweka chini baada ya dakika arobaini, ile mistari mitatu ikiwa bado haijaandikwa. Kosa hilo si la udhaifu wake peke yake. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho, na aliyetaka kuendelea alilazimika kubonyeza ili aende ukurasa unaofuata. Kile kituo kidogo kilimpa mtu nafasi ya kujiuliza kama bado anataka kuendelea. Mwaka 2006 msanifu Aza Raskin alibuni namna ya kuperuzi isiyokuwa na mwisho, ambayo huleta mambo mapya kabla ya kuombwa, na baadaye akajutia hadharani matokeo yake. Karatasi ina mwisho, na mwisho huo ni msaada mkubwa kwa mtu aliyechoka.

Kuhusu wakati, usichague saa ya ukutani bali chagua tendo ambalo tayari unalifanya kila jioni, kama vile kufunga mlango, kupiga mswaki au kusali, kisha uifungamanishe hesabu na tendo hilo. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12, kila mmoja akijaribu kujenga zoea jipya kwa kulifungamanisha na jambo lililokwisha kuwapo katika siku yake. Muda uliokadiriwa hadi zoea kujiendesha lenyewe ulikuwa kati ya siku 18 na siku 254, katikati yake zikiwa siku 66. Nauona utafiti huo kuwa wa kufariji, kwa sababu unamwambia anayechelewa kwamba hakuumbwa vibaya. Vilevile ulionyesha kwamba kuruka siku moja hakukulidhuru zoea kwa kiasi kikubwa. Ukilala bila kuandika, andika kesho yake bila kujaribu kulipa deni la jana.

Andika kilichotendeka

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu akifungua ukurasa wa kwanza huandika hukumu: nilikuwa mvivu asubuhi, nilikosa subira, siku ilikuwa mbaya. Sentensi za namna hiyo zina sura ya unyofu, lakini hazimsaidii aliyeziandika, kwa kuwa uvivu hauna mshikio wa kukamatia. Badala yake andika tendo pamoja na saa yake: niliamka saa kumi na mbili, nikachukua simu nikiwa bado kitandani, nikainuka saa moja kasoro dakika kumi. Sentensi hii haimtukani mtu, na inaonyesha mahali hasa palipopotea dakika hamsini na kitu kilichozichukua. Anayesoma sentensi ya kwanza hujihurumia au hujichukia. Anayesoma ya pili anajua kwamba simu haipaswi kulala karibu na mto.

Anza tangu ulipoamka, upite siku kwa mfuatano wake hadi dakika uliyoketi kuandika, na usijaribu kuandika kila kitu. Mistari minane inatosha. Yatakujia mwenyewe yale yaliyoacha alama, na mara nyingi yatakuwa madogo kuliko ulivyotarajia: jinsi ulivyomjibu mtoto aliyekuja na swali, chakula ulichokula ukiwa umesimama, dakika ishirini za kazi ambazo zilikwenda vizuri mno.

Sharti moja nalisisitiza kwa nguvu, kwamba daftari hili lisiwe la makosa ya wengine. Ukigombana na mtu, andika maneno yaliyotoka kinywani mwako na uyaache ya kwake. Jambo hili ni gumu, maana kalamu hukimbilia kueleza alichokifanya yule mwingine kwanza, kana kwamba jibu letu halikuwa na mwenyewe. Nyani haoni kundule, na ukurasa ambao nusu yake inamhusu jirani, mwenzi au bosi utamwonyesha mwandishi mambo ya watu wote isipokuwa yake. Anaweza kuwa na malalamiko ya haki kabisa dhidi yao, na malalamiko hayo yana mahali pake, ambapo ni mazungumzo ya ana kwa ana au hatua nyingine inayostahili, lakini si hapa.

Maswali matatu ya kuiuliza siku

Ukimaliza mistari hiyo, isome mara moja na uiulize maswali. Mimi nina matatu na sijaona haja ya kuongeza.

La kwanza ni lile la saa: leo ni nani au ni nini kilichopata saa zangu nzuri? Saa nzuri ni zile ambazo akili ilikuwa safi na mwili haujachoka, na kila mtu anazijua zake. Mtu anaweza kukaa na watoto wake jioni tatu mfululizo na kila mara akawa amewapa kiwiliwili tu, kwa sababu moyo na macho vilikwisha kutumika mahali pengine. Swali hili linataka jibu fupi la jina la mtu au jina la kazi, na halitaki maelezo.

La pili linahusu ahadi, nalo ndilo ninaloliona kuwa tajiri kuliko yote. Mazungumzo yetu ya sasa yamejaa ahadi ndogondogo ambazo hatuziiti ahadi: nitakupigia, nitakutumia, tutaonana wiki hii, nipe dakika tano. Tunazitoa kwa wepesi kwa sababu simu imefanya kuahirisha kuwe rahisi. Zamani aliyepanga kukutana na mwenzake mahali fulani alilazimika kufika, kwa kuwa hakuwa na njia ya kumjulisha kwamba hatafika. Leo tunaandika kwamba tupo njiani tukiwa bado tunatafuta viatu. Wengi hawauoni huo kuwa uongo, nami sikuuona kuwa uongo mpaka nilipoanza kuuandika jioni kama ulivyo: niliandika nipo njiani, nilikuwa sijaoga. Baada ya kuandika sentensi hiyo mara nne katika juma moja, niliona aibu, na nikaanza kuandika muda halisi ambao ningefika. Hakuna aliyenikasirikia kwa kusema kweli. Kwa hiyo, katika ukurasa wako weka mistari miwili, mmoja wa yale uliyoyaahidi leo, hata yaliyotoka kwa mdomo tu, na mwingine wa yale uliyoyatimiza.

La tatu ni la wema uliopita bila kushukuriwa. Ni nani aliyekufanyia jambo leo ukaliona kama haki yako? Jibu likipatikana, mshukuru kesho kwa kulitaja jambo lenyewe, kwa sababu shukrani ya jumla humpita aliyelengwa. Swali hili ni jepesi, lakini bila hilo hesabu yote huegemea upande wa madeni na kumfanya mtu aione siku yake kuwa na giza kuliko ilivyokuwa.

Kuhusu simu

Kwa kuwa simu ndiyo inayochukua saa nyingi za watu wengi, inastahili mstari wake wenyewe. Tangu mwaka 2018 Apple na Google zimeweka ndani ya simu hesabu ya muda ambao skrini imetumika na idadi ya mara ambazo simu imefunguliwa. Soma tarakimu hizo mara moja jioni, uziandike daftarini, kisha uiweke simu mbali. Usizitolee maelezo katika majuma mawili ya kwanza, bali ziandike tu kama mtu anavyoandika kiasi cha mvua.

Baada ya hapo, usiridhike na jumla. Saa mbili za kuzungumza na mzazi anayeugua si sawa na saa mbili za kuwatazama watu usiowajua wakibishana, ingawa simu huzihesabu zote kwa kipimo kimoja. Kilichonisaidia zaidi kuliko jumla ni kuchagua mara tatu tu nilizoishika simu siku hiyo bila kuitwa na mtu, na kuandika kando ya kila moja nilikuwa katikati ya nini. Majibu yalifanana kiasi cha kunishangaza. Niliishika nilipofika kwenye sehemu ngumu ya kazi, niliishika nilipokuwa nasubiri, na niliishika pale mazungumzo yalipogusa jambo lililoniaibisha. Sikuwa natafuta chochote ndani yake. Nilikuwa nakimbia kitu kilichokuwa nje yake. Tangu hapo sikuendelea kupambana na simu kama simu, bali nilianza kujifunza kukaa na sehemu ngumu ya kazi kwa dakika mbili zaidi, na hilo lilipunguza muda wa skrini kuliko kufuta programu nilikokuwa nimekujaribu mara kadhaa. Kwa wengine sababu itakuwa nyingine, pengine upweke, pengine woga wa kupitwa na habari za kazini. Kila mmoja ataisoma katika mistari yake mwenyewe.

Mstari wa mwisho ni wa kesho

Ukurasa ufungwe kwa kutazama mbele, na kuna sababu ya kiafya ya kufanya hivyo. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor pamoja na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia watu 57 wenye umri wa miaka 18 hadi 30, ambao kabla ya kulala waliandika kwa dakika tano, baadhi yao wakiorodhesha mambo ya kufanya siku zinazofuata na wengine wakiorodhesha waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walishikwa na usingizi takriban dakika tisa mapema zaidi, na kadiri orodha zao zilivyokuwa na maelezo mengi ndivyo walivyosinzia upesi. Yaliyoandikwa hayahitaji tena kushikiliwa na akili usiku kucha.

Kwa hiyo andika marekebisho mamoja tu ya kesho, yafungamanishwe na mahali na wakati, na yawe madogo kiasi kwamba hata siku mbaya haitayazuia. Kuandika kwamba kesho utakuwa msikivu zaidi ni kuandika hewani. Andika kwamba kesho, mkishaketi mezani, simu itakuwa chumba kingine mpaka vyombo viondolewe. Likishindikana, liandike tena kesho yake kwa maneno yaleyale, na likishindikana mara tatu lipunguze, kwa sababu huenda ulijitwisha mzigo usio wa kimo chako.

Hesabu inapogeuka mateso

Wapo watu ambao kwao kazi hii huwa kidonda. Wakianza kuandika kosa moja la leo, hukumbuka la mwaka juzi, na saa sita za usiku huwakuta bado wameshika kalamu. Ukijijua kuwa wa namna hiyo, weka kengele ya dakika kumi na tano na uuheshimu mlio wake hata kama sentensi haijafika mwisho. Pia usijiulize usiku kwa nini uko hivyo ulivyo, kwa maana swali hilo halina mwisho na akili iliyochoka hulijibu kwa ukatili; jiulize tu nini kilitokea na nini kitafanyika. Na kama kwa majuma kadhaa kurasa zote ni za huzuni, usingizi umepotea na chakula hakina ladha, daftari halitoshi tena, na inafaa kuzungumza na mtu unayemwamini na kumwona mhudumu wa afya.

Hatari nyingine ni riya. Siku hizi kila zoea jema hupigwa picha na kuonyeshwa kabla halijakauka wino, na mwandishi akishajua kwamba ukurasa wake utaonwa, huanza kuchagua makosa yanayopendeza. Daftari hili halina mtazamaji. Liweke mahali ambapo halitasomwa, na ukiona kwamba unatafuta maneno mazuri ya kujieleza, rudi kwenye tendo na saa yake.

Siku ya saba

Mara moja kwa juma, wakati wa mchana ukiwa umepumzika, soma kurasa saba kwa pamoja. Usisome ukitafuta kosa kubwa, kwa kuwa makosa makubwa huyajui kwa kuyasoma, unayakumbuka bila msaada. Tafuta kinachojirudia. Pigia mstari kila jina la mtu na kila saa inayoonekana zaidi ya mara mbili, kisha uulinganishe mstari wa ahadi na mstari wa utimizaji kutoka siku ya kwanza hadi ya saba. Kila baada ya majuma manne fanya hivyo kwa kurasa zote za mwezi, na hapo utaona mambo ambayo ukurasa mmoja hauwezi kuyaonyesha.

Katika usomaji wangu wa kwanza wa mwezi mzima nilikuta kwamba jina la dada yangu mkubwa limo mara tisa katika mstari wa ahadi, kila mara kwa neno lilelile, nitampigia. Katika mstari wa utimizaji halikuwamo hata mara moja. Kama ungeniuliza siku hiyo asubuhi ni watu gani ninaowapenda, ningemtaja miongoni mwa watatu wa kwanza, tena bila kusita. Niliacha daftari wazi mezani nikampigia palepale, naye aliuliza kwanza kama kuna msiba. Tulizungumza kwa saa moja na dakika kumi, na jioni hiyo niliandika jina lake katika mstari wa pili.